Talaka ikiwa nyumba bado iko rehani: mwongozo kamili kwa wanandoa wa Dodoma

Tangu serikali ianze kuhamia Dodoma kwa vitendo mwaka 2016, watu wengi wamekopa ili wawe na kwao hapa. Wapo waliojenga Nzuguni na Ilazo, wapo waliochukua nyumba za Shirika la Nyumba kule Iyumbu, wapo walionunua Kisasa nyumba iliyokwisha kukaliwa. Mikopo hii ni ya miaka 15, 20, wakati mwingine zaidi, na si kila ndoa hufika hadi rejesho la mwisho.

Mwongozo huu unawahusu wanandoa ambao hati ina majina ya wote wawili, au ina jina la mmoja lakini wote walitia sahihi benki. Nimeshika mafaili ya mikopo ya nyumba kwa muda mrefu, na ninachokiona kila mara ni kilekile: watu wanagombea nyumba mahakamani mwaka mzima, deni wanalikumbuka mwishoni.

Mama mmoja aliingia tawini na hukumu mkononi, ina muhuri, ukurasa wa mwisho ameukunja pembe ili aufungue haraka. Nyumba amepewa yeye, deni lililobaki alipe aliyekuwa mume wake. Alitaka jina lake litoke kwenye mkopo asubuhi ileile. Ofisa mikopo akasoma yote, akamwambia, "Mama, hukumu hii ni halali na inamfunga baba watoto. Lakini sisi hatukuwa kwenye kesi. Mkataba wetu una sahihi mbili, na mpaka leo ni mbili." Baba watoto alikuwa hajalipa miezi mitatu. Barua ya benki ya kudai malimbikizo ilikuwa na majina ya wote wawili.

Mahakama inagawa nyumba kati yenu ninyi. Deni kwa benki linabaki la wote wawili, lote zima, kwa kila mmoja, mpaka benki yenyewe iandike vinginevyo. Hatua zote zinazofuata zimepangwa kwa kufuata ukweli huo.

Hatua ya 1: Rejesho lisisimame

Mmoja akihama, mara nyingi anasema, "Anayekaa ndani ndiye alipe." Inasikika kama haki, lakini benki haiangalii nani analala wapi. Mkisimamisha malipo, riba ya adhabu inaanza, majina ya wote wawili yanaingia kwenye taarifa za wakopaji wabaya, na nyumba mnayoigombea inaanza kupungua thamani yake kwenu kila mwezi.

Kaeni, hata kama ni mbele ya shangazi au mchungaji, mkubaliane nani analipa nini mpaka kesi iishe. Andikeni, tieni sahihi. Kama hamwezi kukaa meza moja, anayeweza kulipa alipe na atunze ushahidi: slipu ya mshahara ikionyesha makato, risiti ya benki, taarifa ya miamala ya simu. Unapoweka fedha, andika maelezo ya muamala wazi, "rejesho la nyumba, Machi", wala usiandike "mchango" au uache tupu. Malipo hayo yatakusaidia utakapoeleza mahakamani mchango wako.

Ikiwa hakuna anayeweza kulipa, nendeni benki kabla ya kukosa rejesho la kwanza. Ombeni kwa barua mkopo upangwe upya: kuongezewa muda, au kulipa riba tu kwa miezi michache. Mteja aliyekuja mapema anasikilizwa tofauti kabisa na anayekuja akiwa ameshaandikiwa notisi. Ombi likikataliwa bila maelezo, mlalamikie kwanza kwa maandishi benki hiyohiyo, na mkikosa jibu la kuridhisha, dawati la malalamiko la Benki Kuu lipo kwa kazi hiyo.

Hatua ya 2: Jua nyumba yenu ikoje kwenye karatasi

Fanya upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati. Watu wa ardhi huita sachi. Tangu 2020 ofisi za ardhi za mikoa zimefunguliwa, kwa hiyo mtu wa Dodoma, Singida au Iringa hana sababu ya kusafiri kwenda ofisi ya kanda. Majibu yatakuonyesha nani ameandikwa kuwa mmiliki, rehani ya nani imesajiliwa, na kama kuna zuio lolote.

Hapa Dodoma kuna jambo la ziada. Viwanja vingi vya zamani vilitolewa na CDA, mamlaka ya ustawishaji makao makuu iliyoanzishwa 1973 na kuvunjwa Mei 2017, shughuli zake zikapelekwa halmashauri. Hati za CDA zilikuwa za miaka 33, na wakati wa kuvunjwa ikaelekezwa zibadilishwe kuwa za miaka 99. Kama yenu bado ni ya zamani, au nyumba mliinunua kwa mkataba na jina halijawahi kuhamishwa kutoka kwa muuzaji wa kwanza, lianze hilo. Benki nyingine haitachukua rehani juu yake, na mnunuzi makini atalikimbia.

Angalia pia mnamiliki kwa namna gani. Sheria ya Ardhi ya 1999 inatambua namna mbili. Ya kwanza ni umiliki usiogawanyika, ambapo mmoja akifa nyumba yote inabaki kwa aliye hai. Ya pili ni umiliki wa kila mtu na sehemu yake, ambapo sehemu ya marehemu inakwenda kwa warithi wake. Kwa wanandoa, hati isiposema lolote, sheria inachukulia ni hii ya pili. Watu hudharau swali hili kwa sababu ni la kifo na wao wanashughulika na talaka. Lakini kesi inaweza kuchukua muda, na mwenzako akifariki katikati yake, jibu la swali hilo ndilo litakalosema utazungumza na nani msibani.

Kisha nenda benki. Omba vitu hivi kwa barua, ukiwa na kitambulisho:

- Barua ya mkopo na mkataba wa rehani wenye sahihi zenu.
- Taarifa ya mkopo tangu mwanzo.
- Salio la kufunga mkopo kwa tarehe maalumu. Hili si sawa na jumla ya marejesho yaliyobaki. Kuna riba ya siku hadi siku, na baadhi ya mikataba ina tozo ya kulipa kabla ya muda.
- Bima ya mkopo: inamkinga nani akifa, ni wote au ni yule mwenye mshahara tu?
- Orodha ya mikopo yote inayolindwa na hati hiyo.

La mwisho ndilo lenye mikasa. Hati moja inaweza kuwa imeshikilia mkopo wa nyumba na pia mkopo wa duka, wa gari la abiria, au wa alizeti iliyonunuliwa Kibaigwa msimu ule. Mwenzako anakwambia, "Tumebakiza milioni kumi na mbili tu," na ni kweli kwa mkopo wa nyumba. Mkopo wa biashara uko kwenye ukurasa mwingine.

Ukikuta nyongeza ya mkopo ambayo hukuisaini, usipige kelele kaunta. Sheria ya Ardhi inataka rehani ya nyumba ya ndoa iwe na ridhaa ya mwenzi. Anayekopa anatakiwa kueleza kama ana mke au mume, na benki inatakiwa ichukue hatua za kuridhisha kuhakikisha. Wapo walioapa kwa kiapo kabisa kwamba hawana mwenzi. Chukua nakala, mpelekee wakili mapema. Mgogoro na benki kuhusu rehani unakwenda njia yake, kwenye Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya au Mahakama Kuu, na haupaswi kusubiri talaka iishe.

Hatua ya 3: Weka zuio

Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinasema ndoa ikiwa bado ipo, mwenzi haruhusiwi kuuza, kugawa, kupangisha wala kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Kifungu hichohicho kinampa yule mwingine haki ya kuilinda kwa kusajili zuio kwa Msajili wa Hati. Unapeleka maombi, kiapo, nakala ya cheti cha ndoa na maelezo ya hati. Likishaingia daftarini, uhamisho haupiti bila wewe kujulishwa.

Kama jina lako limo kwenye hati, pengine unajiona salama. Weka hata hivyo ukihisi kuna sahihi inayoweza kughushiwa. Na iandikie benki barua fupi: ndoa ina mgogoro, usitolewe mkopo wa nyongeza juu ya hati hii bila sahihi yangu mbele ya ofisa wenu. Baki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Hatua ya 4: Thamani, na hesabu yenyewe

Bei aliyoisema jirani si thamani, wala ile ya dalali wa Majengo. Tafuteni mthamini aliyesajiliwa, ikiwezekana mmoja mnayemkubali wote, mgawane ada. Ripoti itakuwa na thamani ya soko na thamani ya kuuza kwa haraka. Mgawanyo wenu uende na ya soko. Ile ya haraka ni ya benki.

Tuchukue mfano wa kubuni. Nyumba ya vyumba vitatu ina thamani ya soko 140,000,000. Salio la kufunga mkopo ni 58,000,000. Kinachogawanywa ni 82,000,000, kila mmoja 41,000,000 kama ni nusu kwa nusu. Watu wanagombana juu ya milioni 140 wakati mezani kuna 82, na mkiuza, kodi, dalali na wakili wanakula humo.

Sasa mama anataka kubaki na nyumba. Anahitaji kubeba deni la milioni 58 peke yake na kumlipa mwenzake 41. Jumla ni milioni 99. Je, mshahara wake unabeba?

Tuseme ni mtumishi mwenye mshahara wa msingi wa 1,500,000. Utaratibu wa makato unataka abaki na theluthi moja, yaani 500,000, kwa hiyo makato yote kwa pamoja hayavuki 1,000,000. Mfuko wa hifadhi ya jamii asilimia 5, 75,000. Bima ya afya asilimia 3, 45,000. Kodi ya mshahara, kama 255,500. Hapo zimekwisha 375,500. Akiwa na deni la Bodi ya Mikopo, asilimia 15 nyingine, 225,000. Nafasi inayobaki ni kama 399,500 kwa mwezi. Mkopo wa milioni 58 kwa riba ya asilimia 15 kwa miaka 15 una rejesho la takriban 812,000. Hauingii, na ile milioni 41 hatujaigusa.

Nimeiweka hesabu hii yote kwa sababu nimeona mtu anashinda kesi, anapewa nyumba, halafu benki inamkatalia kwa kalkuleta. Fanya hesabu hii kwa slipu yako kabla ya kumwambia hakimu unachotaka.

Hatua ya 5: Chagueni njia

*Kuuza, kulipa benki, kugawana.* Ndiyo njia safi kuliko zote, na kwa wanandoa wengi wenye kipato cha kawaida ndiyo ninayoipendekeza, hata kama inauma. Haihitaji mnunuzi mwenye moyo wa huruma. Inahitaji barua ya benki inayoonyesha salio la kufunga na utayari wa kuachia hati. Mnunuzi analipa sehemu ya deni moja kwa moja kwenye akaunti ya mkopo, benki inaandaa hati ya kuondoa rehani, na kinachobaki kinawekwa kwa wakili au kwenye akaunti mliyokubaliana, si kwenye simu ya mmoja wenu. Mkiuza wenyewe mnapata karibu na bei ya soko. Mkisubiri benki iuze, mnapata ya mnada.

*Mmoja abaki, amlipe mwenzake.* Hii inakaa kwa mwenye kipato kinachotosha, au mwenye mali nyingine ya kubadilishana: kiwanja cha Nala, shamba la zabibu Hombolo, gari, akiba ya SACCOS. Badala ya kutafuta milioni 41 taslimu, anamwachia mwenzake kiwanja na shamba, nyumba inabaki kwake. Benki lazima imkubali kama mkopaji pekee. Omba jibu la awali la benki kwa maandishi kabla hamjasaini makubaliano yenu.

*Kubaki wamiliki wote kwa muda.* Labda mtoto yuko kidato cha tatu na hamtaki ahame shule, au soko ni baya. Mnaweza kuipangisha, kodi ikalipa rejesho. Dodoma ina neema yake hapa: wakati wa Bunge la bajeti, Aprili hadi Juni, nyumba iliyo na samani haikai wazi. Lakini msiingie humu bila maandishi ya nani anakusanya kodi, nani anatengeneza tangi likipasuka, na tarehe ya kuuza. Bila tarehe, mtakuwa mmeachana kitandani lakini bado mko ndoa moja benki.

Hatua ya 6: Baraza, kisha mahakama

Talaka Tanzania Bara hutolewa na mahakama. Kwa ndoa ya Kiislamu, talaka iliyotamkwa ina uzito wake, lakini bado mnapitia baraza la usuluhishi na mahakama ndipo itambuliwe kisheria na mali igawanywe. Ndoa isiyofikisha miaka miwili inahitaji kibali cha mahakama kwanza.

Mnaanza Baraza la Usuluhishi la Ndoa: la kata, la BAKWATA, la kanisa, au kupitia Ustawi wa Jamii. Baraza likishindwa kuwapatanisha linatoa hati, na hati hiyo isizidi miezi sita mpaka siku ya kufungua shauri. Baraza haligawi nyumba. Mwenyekiti wa mtaa naye hagawi, hata kama ni mtu wa busara sana na amewatatulia mengi.

Shauri linaweza kufunguliwa Mahakama ya Mwanzo, ya Wilaya, ya Hakimu Mkazi au Mahakama Kuu. Sheria imezipa zote mamlaka. Nyumba ikiwa na rehani na mikopo ya juu yake, mimi ningekwenda Wilaya au Hakimu Mkazi na wakili. Asiye na uwezo asikate tamaa: Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 ipo kwa ajili yake, wasaidizi wa kisheria wapo kwenye kata nyingi, TAWLA, chama cha wanasheria wanawake, inasaidia wanawake, na Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia imekuwa ikizunguka mikoani tangu 2023.

Mahakama inagawaje? Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa kinahusu mali iliyopatikana kwa juhudi za pamoja. Hakimu anaangalia mchango wa kila mmoja kwa fedha, mali au kazi, madeni yaliyochukuliwa kwa faida ya wote, mahitaji ya watoto na mila za jamii yao, na baada ya hayo anatakiwa kuelekea kwenye usawa. Hati ikiwa na majina mawili, kifungu cha 60 kinachukulia kwamba sehemu zenu ni sawa mpaka mtu athibitishe vinginevyo. Ikiwa na jina moja, inachukuliwa ni ya huyo, na mwingine ndiye mwenye kazi ya kuleta ushahidi. Kiwanja alichokuwa nacho mmoja kabla ya ndoa kinaingia kwenye hesabu pia, kama kiliendelezwa kwa kiasi kikubwa na mwenzake au na wote wawili wakati wa ndoa.

Na kazi ya nyumbani ni mchango. Mahakama ya Rufani ilisema hivyo mwaka 1983 katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Seif, na mahakama zinaifuata mpaka leo. Watu husahau kwamba Bi Hawa mwenyewe hakuondoka na mgawo, kwa sababu ya namna alivyotumia fedha alizopewa na mumewe. Kanuni ilibaki, na ushahidi wa kila familia bado unapimwa wenyewe.

Kwa hiyo leta ushahidi. Stakabadhi za saruji na nondo zenye jina lako. Taarifa ya SACCOS ya mkopo uliopiga lipu. Miamala ya kumlipa fundi. Picha za msingi, zenye tarehe. Daftari la VICOBA. Mtu aliyepika kwa mafundi wanane msimu mzima aje na fundi mmoja aliyekula. Nimeona faili ambalo mama hakuwa na risiti hata moja, lakini alikuwa na daftari la shule la mtoto lenye hesabu za mchanga na kokoto, tripu baada ya tripu, kwa mwandiko wake. Wakili wa upande wa pili hakupata la kusema juu ya lile daftari.

Iambie mahakama juu ya benki tangu mwanzo. Ambatisha salio la kufunga mkopo, omba amri inayosema nani anaendelea kulipa shauri likiendelea, na omba zuio la muda la kuuza. Shauri la kugawa mali ya ndoa usilipeleke Baraza la Ardhi. Litarudishwa na utakuwa umepoteza miezi. Usiporidhika na hukumu, muda wa kukata rufaa ni siku 45.

Hatua ya 7: Makubaliano yaandikwe kwa macho ya benki

Wengi hupatana katikati ya kesi. Vizuri. Makubaliano yawasilishwe mahakamani yawe amri, si karatasi ya kwenye droo. Humo ndani, sentensi ya "nyumba atabaki nayo mke na mume atalipa deni" haitoshi. Andikeni: mke ataomba benki kuwa mkopaji pekee ndani ya siku 90, benki ikikubali, mume atasaini hati ya uhamisho ndani ya siku 14, benki ikikataa, nyumba itauzwa kwa bei isiyopungua kiasi fulani, benki italipwa kwanza, kinachobaki kitagawanywa kwa uwiano huu. Wekeni pia nani analipa rejesho katika siku hizo 90, na kwamba aliyelipa zaidi ya sehemu yake atarudishiwa kwenye mgao. Akikataa kusaini baadaye, mahakama inaombwa kutekeleza amri yake, na inaweza kuagiza hati isainiwe kwa niaba yake.

Siku 90 ni pendekezo langu. Benki zina kamati, kamati zina likizo.

Hatua ya 8: Benki, kodi, Msajili

Peleka benki amri ya mahakama, maombi ya kubadili mkopaji, slipu za mshahara na ripoti ya uthamini. Wakikubali, kutakuwa na barua mpya ya mkopo, bima mpya ya maisha ya mkopaji anayebaki, na barua ya kumwachilia anayetoka. Hiyo barua ya kumwachilia ndiyo yenye thamani kwa anayetoka. Maneno ya meneja, hata akikupa mkono, hayatoshi.

Uhamisho wa jina unahitaji kodi ya pango la ardhi iwe imelipwa, uthamini uidhinishwe, kibali kitolewe na ushuru wa stempu ulipwe, takriban asilimia 1 ya thamani. Kisha kuna kodi ya ongezeko la mtaji, asilimia 10 ya faida kwa mkazi. Hapa watu wanalipa ambacho pengine hawakustahili kulipa wakati ule. Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 inaruhusu mali inayohamishwa kwa mwenzi au aliyekuwa mwenzi, kama sehemu ya makubaliano ya talaka, isihesabiwe faida siku hiyo, ila anayepokea aombe utaratibu huo kwa maandishi. Nenda TRA na barua hiyo na amri ya mahakama kabla ya kuchukua namba ya malipo. Mkiiuza kwa mtu wa nje, nyumba mliyoimiliki na kuishi kwa miaka mitatu au zaidi haitozwi kodi hiyo kama faida haizidi 15,000,000. Faida ni bei ukitoa gharama, ndiyo maana zile stakabadhi za nondo zina kazi ya pili.

Ikiwa notisi imeshafika

Benki haihitaji hukumu ya mahakama ili kuuza nyumba iliyo rehani. Inachohitaji ni kufuata hatua. Notisi ya kushindwa kulipa inakupa siku 60 za kurekebisha. Baada ya hapo inaweza kumpa dalali kazi, na mnada wa nyumba unatakiwa kutangazwa si chini ya siku 14 kabla. Benki ina wajibu wa kutafuta bei bora inayopatikana. Ikiuza kwa asilimia 25 au zaidi chini ya bei ya nyumba za aina hiyo sokoni, inachukuliwa kuwa imekiuka wajibu huo mpaka ijieleze.

Siku ya kupokea notisi, hesabu 60 kwenye kalenda. Mwambieni dalali na benki kwa barua kwamba mnatafuta mnunuzi wenyewe. Benki nyingi hupendelea hivyo kuliko mnada. Notisi ikienda kwa mmoja tu aliyehama, na wewe unayeishi ndani ukaiona kwa mara ya kwanza kwenye karatasi iliyobandikwa getini, muone wakili wiki hiyohiyo.

Na andika barua moja zaidi, ambayo karibu hakuna anayeikumbuka. Mnada ukiisha na benki ikajilipa, salio linalobaki ni lenu. Benki italituma kwenye akaunti iliyosajiliwa kwenye mkopo, ambayo mara nyingi ni ya mmoja. Iarifu benki mapema kwamba kuna shauri la ndoa, ambatisha namba ya shauri, na iombe mahakama iamuru fedha hizo zishikiliwe mpaka mgawanyo uamuliwe. Mnada usipofikisha deni, kilichopungua kinaendelea kudaiwa kwa wote waliosaini, na kwa hilo pia hukumu ya talaka haitakuwa kinga.

Mambo yote yakikamilika, rudi ofisi ya ardhi ufanye sachi ya mwisho. Majibu yaonyeshe rehani imeondolewa au imesajiliwa upya kwa jina moja, na zuio lako limefutwa. Ukikuta jina la zamani bado lipo, rudi na amri ya mahakama na risiti zako kwa ofisa aliyepokea faili, umwombe akuonyeshe limekwama meza ipi.